KILIO HUANZA MFIWA
Kutoka kuandika habari hadi kulea waandishi

(Hii ni hotuba iliyotolewa mjini Bukoba na mwandishi wa habari wa zamani, kwenye mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia, ambao ulihudhuriwa pia na baadhi ya wahisani wetu. Tumeipunguza kidogo ili itoshe kwenye kurasa zetu. – Mhariri)



Barua ya mwaliko ilisema nitoe mada kuhusu "Mawasiliano na Maendeleo" kwa dakika 20. Mtu wa magazeti ukimpa dakika 20 hutumia 40, lakini nitajitahidi. Naomba pia mniruhusu nisitoe mada. Nitawasimulia jinsi nilivyoacha kazi ya habari, na kazi ninayoifanya sasa pamoja na kikundi cha waandishi katika parokia moja ya wilaya ya Muleba. Mwishoni nitakuwa na maombi machache kwa kamati na kwa wahisani.

Abiria wa daraja la tatu

Wengi wenu mnaikumbuka Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba iliondoka hapa jioni ya siku iliyotangulia, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo, na asubuhi ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu waliokufa walizidi 800.

Wakati huo nilikuwa kijana, mwandishi wa habari mjini Mwanza. Kwa siku kadhaa kazi yangu ilikuwa ni kupeleka idadi: miili mingapi imeopolewa leo, mingapi imetambuliwa, mingapi bado. Simu ya chumba cha habari ikilia, swali lilikuwa moja tu: "Imefika ngapi?"

Siku ya pili au ya tatu nilikuwa nimesimama karibu na ndugu waliokuwa wakisubiri habari za watu wao. Mama mmoja wa upande wa Kemondo aliona daftari langu akanisogelea. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika majina?" Nikamjibu, "Hapana mama, mimi naandika idadi." Akasema, "Basi na huyu wangu muandike. Alipanda daraja la tatu, kule wanasema hakuna karatasi."

Akanieleza. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 19. Alikuwa anapeleka mikungu ya ndizi Mwanza, na ilikuwa safari yake ya kwanza kwenda peke yake. Mama yake alikuwa amemfungia chakula kwenye jani la mgomba, na alikuwa akijilaumu kwamba alimhimiza awahi ili asiachwe na meli. Nililiandika jina la binti yule kwenye daftari, kwa sababu ningeona aibu kutoliandika mbele ya mama yake. Jioni nikapeleka idadi. Jina halikuwa na nafasi katika habari ya siku ile, wala ya siku iliyofuata.

Daftari lile lilipotea nilipohama nyumba. Na leo, ndugu zangu, jina lile silikumbuki. Nakumbuka ndizi, nakumbuka jani la mgomba, nakumbuka kitenge cha mama. Jina limenitoka. Mtu alinikabidhi kitu kimoja tu nimtunzie, nami nikakipoteza.

Sidharau kazi ya habari

Sitaki mwelewe kwamba idadi hazina maana. Zile idadi ndizo zilizoonyesha kwamba meli ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Ndizo zilizofanya watu waulize maswali, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Vijana walio katika kazi ya habari waendelee nayo, tena kwa bidii. Nchi isiyohesabu watu wake waliokufa haiwezi kuwalinda walio hai.

Lakini wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi waandishi wa habari mara nyingi tunaanza wenyewe, tunalia kwa sauti kubwa, tunamaliza na kuondoka kabla mfiwa hajafungua kinywa.

Niliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingine 13. Kilichonitoa ni mtoto. Mwaka 2009 nilitumwa kuandika habari za watoto yatima katika mkoa wetu. Tukafika kwenye mji mmoja, bibi akatupokea vizuri, akamwita mjukuu wake wa miaka 11 aje azungumze nami. Mtoto akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono, akaniuliza kwa adabu, "Nianzie wapi? Pale mama alipokufa, au pale tulipokosa chakula? Mgeni wa juzi alitaka nianzie pale mama alipokufa."

Nilifunga daftari. Nilimwomba anionyeshe mbuzi wao, naye akanionyesha, akanitajia majina ya wote wanne. Sikuandika habari ile. Nilirudi nikasema sikupata ya kutosha, na mwishoni mwa mwaka niliacha kazi.

Tulivyoanza vibaya

Mwaka 2011 paroko mmoja aliniomba niwasaidie waumini wake kuandika habari za parokia. Walikuja watu 14: wajane, vijana waliomaliza darasa la saba, mwalimu mstaafu, fundi baiskeli, na bibi mmoja asiyejua kusoma aliyekuja na mjukuu wake. Niliwafundisha nilivyofundishwa mimi: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Kisha nikawaambia kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu maisha yake.

Kurasa zilirudi, na karibu zote zilikuwa sawa. "Mimi ni mjane, nina watoto watano, nyumba inavuja, naomba msaada." Watu waliokuwa wakizungumza nje kwa mifano na vicheko, wakishika kalamu walikuwa wanajaza fomu ya kuomba msaada. Hilo halikuwa kosa lao. Kwa miaka mingi, kila aliyefika kijijini na kalamu alikuwa akitafuta shida, na aliyeieleza shida yake vizuri ndiye aliyekumbukwa. Sisi, waandishi wa habari pamoja na mashirika, tulikuwa tumewafundisha kwamba maisha ya mtu ni orodha ya mapungufu yake.

Mwezi wa tatu nusu ya watu waliacha kuja, kwa sababu hakukuwa na posho ya kikao. Siwalaumu. Mtu anayeacha shamba lake Jumamosi anaacha kitu. Wakabaki saba.

Aliyetuokoa ni yule bibi asiyejua kusoma. Siku moja alichoka na mazoezi yangu, akaanza kueleza kwa Kihaya habari za kibanja chake, huku mjukuu akiandika. Alieleza shina moja moja. Hili alipewa na mama mkwe siku alipoolewa. Lile lililetwa na shemeji yake kutoka Karagwe. Pale palikuwa na migomba mizuri kuliko yote, mpaka ulipoingia ule mnyauko ulioonekana kwetu mwaka 2006, akalazimika kuikata na kuifukia, na usiku ule hakula. Tulimuuliza maswali kwa zaidi ya saa nzima. Katika habari yake yote hakuomba kitu. Na kila mmoja wetu alikuwa amemwona mumewe, watoto wake na uzee wake, ingawa alizungumza juu ya migomba tu.

Kuanzia siku ile tuliacha kuandika "maisha yangu". Tunaandika kitu kimoja kilichomo nyumbani: kinu, baiskeli, mlango, sufuria lenye kiraka. Maisha hufuata yenyewe.

Kazi ya mlezi wa waandishi

Watu huniuliza kulea waandishi ni kufanya nini hasa. Ni kazi ndogo na ya polepole. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, saa mbili, chini ya mti au kwenye darasa la katekesi mvua ikinyesha. Kila mmoja ana daftari na kalamu. Mtu anasoma kwa sauti. Wasikilizaji kwanza wanasema walichokiona, kabla hawajasema lolote juu ya makosa. Asiyejua kuandika husema, na mwingine humwandikia maneno yake yalivyo, kisha humsomea ili ahakikishe. Neno la Kihaya lisilo na mwenzake katika Kiswahili tunaliacha hapo hapo.

Mimi sigusi kalamu ya mtu. Ninauliza tu. Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuwa karibu nawe? Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Nitawapa mfano. Mama mmoja aliandika, "Tulikabiliwa na changamoto ya maji." Nikamuuliza: siku gani? Baada ya maswali matatu aliandika kwamba aliamka saa kumi usiku, akashika njia ya kisimani na binti yake, na binti akawa anahesabu hatua kwa sauti ili asiogope giza. Tatizo ni lile lile la maji. Lakini sentensi ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Njia hii hatukuibuni sisi. Shaaban Robert alisimulia maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu, na humo akawaachia watoto wake tenzi za nasaha. Svetlana Alexievich wa Belarus, aliyekuwa mwandishi wa habari, alitumia miaka mingi kusikiliza watu wa kawaida waliopitia vita na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, akajenga vitabu kwa sauti zao. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Daftari lililoishia ukurasa wa 19

Mkoa wetu una historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa hapa Kagera, mwaka 1983. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na nakumbuka ugonjwa ulivyoitwa Juliana, jina la kitambaa, kwa sababu watu waliogopa kuutaja. Mababu na mabibi waliachiwa wajukuu, na wajukuu wengi hawakujua wazazi wao walikuwa watu wa namna gani.

Jirani zetu wa Uganda walitangulia kutafuta dawa ya hilo. Katika miaka ya 1990 akina mama wanaoishi na VVU katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni upi, ulizaliwaje, ulikuwa unapenda nini ulipokuwa mdogo, mpaka wa shamba uko wapi.

Katika kikundi chetu yuko mama aliyeanza daftari la namna hiyo mwaka 2003, akiwa mgonjwa sana. Alipojiunga nasi alikuja nalo. Liliishia ukurasa wa 19. Tukamuuliza kwa nini aliacha. Akajibu, "Nilianza dawa, nikaona sifi." Mwaka 2004 serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa za ARV bila malipo, naye alikuwa miongoni mwa waliozipata mapema. Daftari la kuagana halikuwa na kazi tena. Tulicheka pamoja, kisha mwenzake akamwambia, "Basi endelea. Watoto bado wanataka kujua." Leo yuko kwenye daftari la nne. Humo kuna harusi ya kijana wake na kuzaliwa kwa mjukuu, na kuna kurasa za hasira ambazo hajamsomea mtu.

Daftari lile la kwanza lilikuwa na kazi nyingine. Humo alikuwa amechora kibanja, akaandika nani alipanda miti ya mpakani na majirani gani walikuwepo. Shemeji zake walipokuja kudai eneo, watoto walijua waende kwa mzee yupi. Daftari si hati ya ardhi, na halikumaliza ugomvi. Ila wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na safari hii habari ilikuwepo.

Kosa langu

Msinione kama mtu aliyeongoka akawa mwema. Kijana mmoja wa kikundi aliandika juu ya ulevi wa baba yake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kusoma. Damu yangu ya zamani ikachemka. Nilimshawishi tuipeleke ikachapishwe, naye akakubali. Hatukutaja jina, lakini kijijini nani asiyejua? Baba yake aliacha kuja kwenye jumuiya. Nilikwenda kumwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alitoka, akanisikiliza, akarudi ndani. Mpaka leo tukikutana njiani haniitikii salamu.

Nilijifunza kwamba habari ya mtu ina wenyewe zaidi ya mmoja. Mwandishi ana haki ya kuandika lililompata. Kulitoa nje ya chumba ni jambo jingine, linalohitaji muda na ushauri. Kijana alikuwa na miaka 20. Mtu mzima pale nilikuwa mimi.

Maombi kwa kamati

Kwanza, tuache kuwaita watu "walengwa" hata katika vikao vyetu vya ndani. Kinacholengwa ni mnyama wa kuwindwa. Taarifa ya robo mwaka inaweza kusema "wakulima", "wajane", "wanafunzi", na ikapokelewa vile vile.

Pili, kabla ya kupiga picha au kuchukua ushuhuda, mweleze mhusika itakwenda wapi, itaonwa na nani, na kwamba akikataa hatapoteza msaada wowote. Kisha mrudie kabla haijachapishwa, umsomee. Hata sheria inagusa mambo haya. Tuna Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya hali ya mtu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siku hizi picha iliyopigwa Muleba asubuhi huonekana dunia nzima kabla ya chakula cha mchana, na mtoto yule akiwa mtu mzima ataikuta.

Tatu, kila parokia ina mtu mmoja anayependa kuandika. Mtafuteni. Mpeni daftari, watu watano wa kukaa naye, na ruhusa ya kutoleta matokeo kwa mwaka mzima.

Maombi kwa wahisani

Kwenu ndugu zetu wahisani nasema kwa heshima, nikijua mmejinyima ili tupate visima na madarasa. Msituombe machozi. Mkituomba tutawapa, kwa kuwa tumejifunza kuyatoa, na mtoto ataketi kwenye kigoda akiuliza aanzie wapi. Mtuombe habari mnayoweza kuielewa polepole. Mkubali kupokea ukurasa kuhusu migomba badala ya picha ya mgonjwa. Na katika bajeti ya mradi mruhusu fungu dogo la madaftari, kalamu, chai na nauli ya mlezi. Ni fedha kidogo, na hazitaonekana haraka.

Ukurasa mtupu

Namalizia. Kila tukikutana tunaanza kwa kutaja majina ya watu tutakaowaandika siku hiyo, walio hai na waliokufa. Sisi tunaoamini kwamba Mungu anatujua kila mmoja kwa jina lake hatuna sababu ya kuridhika na idadi. Ikifika zamu yangu, mimi huwa sina jina la kutaja. Kwenye daftari langu nimeacha ukurasa mtupu, juu yake nimeandika "Daraja la tatu".

Katika ukumbi huu wapo watu wa Kemondo na vijiji vya jirani. Kama yupo anayemfahamu mama aliyempoteza binti wa miaka 19 aliyekuwa akipeleka ndizi Mwanza mwaka ule, au ndugu yake yeyote, naomba aje anione wakati wa chai. Sina msaada wa kutoa. Nataka aniambie jina kwa mara ya pili, niliandike.